Mshale wa Goti la Kulia

Jioni sista alichora mshale kwa kalamu nyeusi juu ya goti la kulia, lile ambalo lingepasuliwa na kubadilishwa kesho yake, akamwonya Bi Salha asiufute. Lakini Bi Salha alikuwa amesimamishiwa dawa za maumivu wiki nzima. Alikaa, akasimama, akazunguka kitanda, akakaa tena. Kufikia asubuhi alikuwa amelikanda goti kwa mafuta ya karafuu bila kufikiri, na mshale wote umehamia viganjani mwake.

"Mwite sista auchore tena," alisema Mama Tunda, mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Miaka thelathini nachora maharusi, nishindwe na mshale?"

Akatoa mkobani koni ya piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, akapandisha kanga. Magoti yote mawili yalikuwa yamevimba. La kulia ndilo lililolika zaidi kwenye picha ya eksirei, ndiyo maana daktari alilichagua. La kushoto ndilo analolipiga chini kila akiinamia miguu ya bi harusi, na leo ndilo lililouma zaidi.

"Mbona koni inaelekea la kushoto, Bi Salha? Si walisema la kulia?"

"La kulia ni lao. La kushoto ndilo linalonilisha."

"Usije ukawafanya wakakupasua siko."

Bi Salha alinyoosha mguu wa kushoto, akaukunja, akanyoosha wa kulia. Koridoni magurudumu ya kitanda cha kupelekea wagonjwa upasuaji yalianza kukwaruza sakafu, yakija upande wao. Koni ilikuwa hewani katikati ya magoti, na nchani tone jeusi lilizidi kuvimba.