Mlango Usiokosea

Jumanne ya tarehe tisa Juni, jua lilipozama, mlango wa Ambindwile ulijifunga. Ndiyo sheria ya Baraza la Kanisa: jua likiwachwea wanandoa wakiwa na kinyongo, mlango huisoma mioyo yao, na haufunguki mpaka wasameheane wote wawili.

Kisa kilikuwa kuku. Ambindwile aliwachinjia wakaguzi wa Baraza kuku wa mayai wa mkewe, Tusajigwe.

"Wewe si mume, ni mpishi wa wenye vitambi," mkewe alimwambia. Kisha akashika kifua, akaanguka.

"Nisamehe, mama Lusajo! Nami nimekusamehe tusi lako!"

"Nimeshakusamehe, baba. Nipeleke hospitali."

Mlango ukagoma. Aliupiga teke, akaurukia na shoka, lakini shoka halikufua dafu mbele ya chuma. Tusajigwe alipokata roho, mlango ukafunguka wenyewe, polepole.

Wakubwa wa Baraza walikuja mazishini na magari yao, wakala wali, wakasema mlango haukosei.

Tangu hapo, kila jua linapozama, Ambindwile huketi akiutazama mlango ule, ambao haujifungi tena. Yeye au marehemu, ni nani aliyekuwa hajasamehe?