Sauti Dirishani

Kwenye dirisha la gereza la mahabusu, kila aliyemtafuta ndugu yake alimnong'oneza askari jina, kwa aibu. Ilipofika zamu ya Mama Kadzo, aliweka bakuli la wali chini, akapaza sauti.

"Namtafuta Kadzo Nyale, binti yangu! Alilala mbele ya tingatinga wasikifukie kisima chetu."

"Taratibu, mama, mimi si kiziwi," askari alisema. "Tena huenda hata hayupo hapa."

"Kama yupo, atanisikia."

Kisha nyuma ya ukuta ikapaa sauti iliyokauka: "Abee, mama!"

Mama Kadzo akaliinua bakuli lake kwa mikono miwili. Mzee aliyefuata kwenye foleni akavua kofia, akavuta pumzi, akaugeukia ukuta.