Ndoano ya Kukandia

Jumanne, tarehe 9 Septemba 1986, saa nne asubuhi, jua likiwa kali na upepo umelala, balozi wa nyumba kumi aliingia uani kwa Tuhfa, mpika keki wa Ngamiani, na gunia la unga wa ngano begani.

"Nimefuata keki ya arusi ya binti yangu, Bi Tuhfa."

"Utaipata," alijibu Tuhfa, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Miaka mitatu nyuma, balozi huyu ndiye aliyewaonyesha askari unga uliokuwa mvunguni mwa kitanda cha Tuhfa, unga wa hitma ya mama mkwe. Mumewe alichukuliwa kwa ulanguzi, akarudishwa maiti.

Kando ya mashine ya kuchanganyia vilikaa vifaa vyake viwili: mchapo wa waya wa kupigia mayai, uliong'aa, na ndoano nene ya kukandia mikate, iliyoshika kutu.

"Hii mbona umeitelekeza?"

"Tangu siku ile sijakanda mkate."

Balozi akashusha gunia. "Basi ipachike leo, dada yangu. Unga ni kiasi kile kile walichochukua askari, sikupunja hata kibaba. Nataka tuwe sawa."

Tuhfa aliishika ndoano. Vidole vyake havikuhisi ubaridi wa chuma. Akairudisha mezani, akapachika mchapo, akavunja yai la kwanza.

"Keki njoo Alhamisi, kwa bei ya watu wote," alisema. "Unga ondoka nao, balozi. Deni lile silipokei."