Fungo Achagua Patasi

Nungunungu alikuwa akikereza bakuli la mninga, vumbi limemjaa usoni, Fungo alipobisha hodi na habari.

"Shemeji, kuna mwizi wa vyombo vya kazi. Jana kamwibia Kima. Nipe patasi zako nikufichie shimoni kwangu."

Nungunungu alisimamisha kerezo, mti ukaacha kuzunguka. Patasi zile ndizo zilizowalisha wanawe, na shemeji huyu hakuwahi kumwona kwenye harusi wala msiba.

"Utatunzaje vyombo usivyovijua?"

"Mimi? Nimekereza tangu ujana wangu."

"Basi nimalizie ndani ya bakuli hili. Patasi chagua mwenyewe."

Anayekereza ndani ya bakuli hushika patasi ya mviringo, kwa sababu pembe za patasi bapa hung'ang'ania mti unaozunguka. Fungo alizitazama zote, akachukua bapa, kwa kuwa ndiyo iliyong'aa zaidi. Nungunungu hakumwonya. Aliwasogeza watoto nyuma, kisha akazungusha kerezo.

Mti uliinasa pembe ya patasi, ukairusha. Mpini ulimgonga Fungo mdomoni, naye akaondoka ameufunika kwa mkono, bila kuaga.

Jioni Nungunungu alipakua kunde. Akawahesabu watoto, wote walikuwepo. Akahesabu na patasi, nazo zote zilikuwepo.

"Mama," akauliza kitinda mimba, "angechagua ya mviringo, ungempa azitunze?"

"Nisingempa. Kula."