Leso ya Nanjala

Mwanangu alinisukuma kifuani kwa viganja vyote viwili, akaulilia mlango aliotokea yaya wake, Nanjala, akienda kanisani.

Nilimpa maziwa, akatema. Nilimwimbia, nikamtembeza hadi getini, mtaa mzima wa Loresho ukasikia kwamba mtoto hanitaki. Nimembeba tumboni, nikapasuliwa. Nilidhani hiyo ilitosha.

Nikaingia chumbani kwa Nanjala. Leso anayombebea ilikuwa kitandani. Nikamweka mtoto mgongoni, nikaifunga leso kwa fundo lililonibana kifua.

Kilio kikakatika. Alinilalia mzito, wa moto, nami nikacheka peke yangu. Kumbe naweza!

Kisha nikapita mbele ya kioo. Alikuwa amezika pua kwenye leso, amefumba macho, anavuta ile harufu ya sabuni ya mche na moshi wa jiko. Harufu ya Nanjala.

Jioni Nanjala aliporudi, mtoto alimrukia kabla hajavua viatu.

"Mama, umeona leso yangu?"

"Leso gani? Sijaona."

Nilikuwa nimeifungia kabatini, katikati ya blauzi zangu, zishike harufu.