Neno Alilopewa Kenge

Ndege wa bondeni walitaga mayai yao katika pango moja, na mlangoni akalinda Nungunungu. Kila mama aliingia kwa neno lake la siri.

Kenge, mlafi wa mayai, akamwendea Kwale. "Mama, wakubwa wamenituma nikague maneno ya siri. Nitajie lako."

Kwale alijua kwamba hata wakubwa hawaruhusiwi kuuliza. Hata hivyo akajibu kwa upole, "Langu ni 'mtama', baba."

Kenge akakimbilia pangoni. "Mtama!"

"Hilo Kwale alilibadilisha jana," Nungunungu akasema, akamchoma miiba mpaka akatokomea porini.

Ndege wote wakampigia Kwale vigelegele, bonde zima likarindima.