Meli Haimngoji Mtu

Hakuwa na dirisha chumbani. Hakuwa na simu. Kadi ya chumba alipewa wakati wa kushuka bandarini tu, akinyang'anywa mara anapopanda. Hakuwa na asubuhi hata moja melini ambayo wajukuu watatu hawakumwamsha kabla ya jogoo, ijapokuwa baharini hakuna jogoo. Na zaidi ya yote, hakuwa na pasipoti. Nyumbani ilifungiwa katika droo ya mwanawe. Melini ikahamia katika sefu ya chumba cha mwanawe.

Wateja wake wa zamani walimwita Bi Mkasi. Alishona sare za shule miaka thelathini na kwa sindano hiyo akasomesha watoto wawili. Binti aliolewa nchi nyingine, akafungua duka la nguo, na hakuacha kumwomba mama yake ahamie kwake. Mwana alibaki na mama, na mama akabaki na watoto wa mwana: kuwaogesha, kuwalisha, kuwalaza. Kwa miaka mitatu aliiomba pasipoti aende kwa binti yake. Kwa miaka mitatu aliambiwa kwamba umri umekwenda, atapotea njiani.

"Sijapotea tangu nizaliwe," alisema tena siku ya kwanza ya safari. "Nipe kitu changu."

"Kiko salama, Mama."

Safari yenyewe ilikuwa pipi ya kumfumba mdomo. Mkaza mwana alikuwa na kijitabu cha maelekezo kwa abiria, akikisoma mezani kila asubuhi kama mwalimu wa darasa la kwanza. Dawa na nguo ya kubadilisha viwe kwenye mkoba, si kwenye sanduku kubwa. Tumbo likichafuka, nenda sitaha ya katikati, utazame mbali. Bandarini fuata saa ya meli, usifuate saa ya mji. Rudi saa nzima kabla ngazi haijapandishwa. Jina la wakala wa meli liandike kwenye karatasi, maana simu huzima. Ukiachwa, yeye ndiye atakayekuwa na pasipoti yako. Usinunue kitu kwa bei ya kwanza.

Kisha alimuuliza mama mkwe maswali. Bi Mkasi alijibu ovyo. Tumbo likichafuka, alisema, atalala chali na kuimba. Saa ya meli hakuijua ni ipi. Mwana akamgeukia mkewe, akamwambia kuwa huyo ndiye anayetaka kupanda ndege peke yake.

"Akili ni nywele," Bi Mkasi akasema, "kila mtu ana zake."

Mkaza mwana, ambaye zake zilikuwa za dukani, akakifunga kijitabu.

Katika bandari ya tatu familia ilikwenda ufukweni kwa basi. Bi Mkasi alikataa, akasema mchanga hauelewani na magoti yake, atatafuta uzi kwenye maduka ya karibu na geti. Mwana akamrudishia kadi na kumkumbusha mara mbili kwamba ngazi inapandishwa saa kumi na moja.

"Meli haimngoji mtu, Mama. Hata angekuwa mama wa nahodha."

"Nimesikia. Mimi si sanduku, nina miguu."

Saa kumi walirudi, chumba chake kitupu. Saa kumi na nusu mwana alishuka mpaka getini, akawauliza walinzi, akaingia duka moja baada ya jingine. Hakuna aliyemwona. Zilipobaki dakika tano, ofisa wa ngazi alimfuata na orodha yenye jina moja lisilotiwa alama. Akamweleza kwamba hakuna la kufanya ila kuacha pasipoti ya mama gatini, kwa wakala.

Mwana alipanda ngazi tatu tatu. Akakosea namba ya sefu mara mbili. Akarudi mbio, akaitia pasipoti mkononi mwa wakala, mtu mwembamba aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Akamsihi amtafute, ni mzee, anasahau. Ampandishe ndege ya kesho awakute bandari ijayo. Alitaka kubaki. Ofisa akamwambia anayebaki amebaki, na juu watoto wake watatu walikuwa wakilia. Akapanda.

Maji kati ya meli na gati yalikuwa yamefikia upana wa uwanja wa mpira Bi Mkasi alipotokea, mkoba begani, hatua zake zilezile za kila siku. Mwana aliita mpaka sauti ikakatika. Abiria waliojazana kwenye ukingo walimhurumia. Yeye alisimama wima, na mkono hakupunga.

Ofisini wakala alimpa kiti, maji na pasipoti yake, akamwambia pole, akamtuliza kwamba ndege ya kwenda bandari ijayo ipo asubuhi. Bi Mkasi alifungua pasipoti, akaitazama picha yake, akaitia kifuani. Akaomba karatasi, kalamu na bahasha. Wakala akajitolea kumwandikia. Akajibiwa kwamba mikono ipo.

"Mwanangu," aliandika, "usilie mbele ya watoto. Nilirudi saa tisa, saa ya meli, nikakaa nyuma ya makontena ya buluu nikikutazama. Nilichokuomba miaka mitatu umekileta kwa dakika tano, tena mbio. Asante. Tiketi ya kutoka mji huu kwenda kwa dada yako nimetoka nayo nyumbani, nimeishonea ndani ya pindo la gauni, na ndege yangu inaondoka leo. Mdogo halali mpaka asuguliwe mgongo. Jifunze."

Akalamba gundi, akaifunga bahasha, akaigonga kwa ngumi moja ili ishike, akampa wakala aitangulize bandari ijayo.